Mpaka wa Scholastica na Tobia

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika baraza la kata yetu, karibu na Mlalo, Scholastica alipomshtaki Tobia. Scholastica alikuwa mjane. Tobia alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi nilikuwa nimezunguka kila kitongoji nikimfanyia kampeni mpinzani wake. Alishinda, nami sikumsamehe.

Scholastica alidai Tobia amevuka mpaka na kulima kipande cha shamba lake la viazi. Aliongea huku analia. Tobia akajibu, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, kwamba kipande kile ni chake na mpaka wa kweli uko ndani zaidi.

Walipotoka nje, nikasema, "Kesi imekwisha. Mjane azue haya ili iweje?"

Mzee Kassimu, mkubwa wetu kwa umri, akavua kofia akaiweka mezani. "Yunis mwanangu, hebu tubadilishe majina. Maneno ya Scholastica yangetoka kwa Tobia, ungeyaamini?"

Nilijua nisingeyaamini, nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Basi twende tukaone," akasema.

Tulipanda kilima kwa manyunyu, viatu vikijaa tope, Mzee Kassimu akinisimulia karoti zake njia nzima. Shambani, Scholastica alituonyesha mstari wa masale, ile mimea tunayopandia mipaka. Yalikuwa membamba. Mzee Kassimu akaomba jembe, akasogea hatua tisa upande wa Scholastica, akachimba pale Tobia alipodai mpaka ulikuwa. Kikatokea kisiki kinene cha sale, kikongwe. Kisha kingine. Kisha cha tatu, vyote katika mstari mmoja.

Mama mkwe wa Scholastica, bibi aliyetembea kwa kushika ukuta, alitoka kibarazani. Alivitazama vile visiki.

"Mwanangu marehemu ndiye aliyeyakata," akasema. "Akapanda mengine kule chini. Huyu alikuwa bado hajaolewa."

Kumbe Scholastica hakusema uongo. Aliukuta mpaka hivyo, akauamini.

Tulimwonya Tobia kwa kuingia kibabe badala ya kuja barazani, lakini ardhi ilikuwa yake. Niliomba kuusoma uamuzi mwenyewe. Scholastica akaniangalia. "Hata wewe, Yunis?"

Misimu miwili ya kupanda hakuitikia salamu yangu. Tobia alipotaka kunishukuru njiani, nilimpita.

Ni miaka mingi sasa. Siku hizi baraza linapatanisha tu, halitoi hukumu za ardhi, na Mzee Kassimu anaishi kwa binti yake Korogwe, miguu imegoma. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo huniuliza kama vilima vyetu bado vinateleza. Nayakumbuka matembezi yale kuliko kitu chochote nilichofanya katika siasa.

Mwezi uliopita nilimkuta Scholastica sokoni Lushoto, akiuza matunda damu. Alinichagulia yaliyoiva, kisha akasema bila kuniangalia, "Yule bibi alinieleza yote kabla hajafariki. Nilielewa."

"Sasa mbona ulininunia?"

"Nilijua unamchukia Tobia," akasema. "Nilikuwa nimeitegemea chuki yako."

Tulitazamana, kisha tukacheka mpaka muuzaji wa jirani akageuka. Alinivutia kreti nikakaa, akaagiza chai mbili, tukaongea mpaka gari la Mlalo likaanza kupiga honi.