Boga la Darini

Baridi ya mwezi wa saba huko Gendabi haina adabu. Inashuka kutoka mlima Hanang asubuhi, inaingia ndani bila kubisha hodi, na jioni bado iko pale pale kama mgeni asiyejua kuaga. Ndiyo maana Brightness alipoona kwenye simu ya mumewe video ya mama mmoja wa Ulaya, amevaa sweta nene na majani mekundu yameanguka nyuma yake, akikoroga boga kwenye maziwa ya moto, alisema moyoni kwamba hiki ni kinywaji chetu, yule mama amekiazima tu.

Maneno ya video hakuyaelewa sana, lakini mikono aliielewa. Brightness alikulia Katesh, nyuma ya kibanda cha mama yake cha chai na chapati, kwa hiyo mambo ya sufuria na tangawizi hayamtishi. Kilichomtisha tangu aolewe na Yonas, miezi saba iliyopita, ni mambo ya shamba. Jembe lilimtoa malengelenge. Mbuzi walimtambua siku ya kwanza kuwa ni mtu wa mjini na wakamdharau. Na mama mkwe wake, Benedikta, alikuwa mwanamke wa maneno machache, akikuelekeza kitu leo hakuelekezi tena kesho. Hakuwa mkali hata kidogo, na afadhali angekuwa mkali, maana mtu mkali unajua umesimama wapi. Brightness alitamani jambo moja tu: siku moja afanye kitu katika nyumba ile, na mama mkwe aridhike naye.

Nafasi ikaja yenyewe. Benedikta alipanda basi kwenda Mbulu kumtazama binti yake Oliva aliyejifungua, akasema atarudi Jumamosi. Jumatano ilikuwa zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya, akina mama kumi na mmoja wa kusali na kunywa chai. Benedikta alimwachia mkwewe kuku, mbuzi na jumuiya, kwa pumzi moja, kisha akaondoka.

Mavuno ya maboga yalikuwa yameisha tangu mwezi wa tano. Lakini juu ya dari ya jikoni, pale moshi unapopita, lilikuwepo moja. Kubwa, la kijivu, lina mistari myeupe na limejaa masizi. Brightness alidhani limesahaulika, na kusema kweli alilionea huruma. Akapanda juu ya kigoda, akalishusha, akalipiga panga. Ganda lilikuwa gumu kama gogo, lakini ndani! Nyama nzito ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na harufu iliyomfanya ameze mate kabla moto haujawaka.

Alilichemsha vipande vipande na maji kidogo, likalainika, akaliponda kwa mwiko na kulipitisha kwenye chujio ili lisibaki na nyuzi. Akabandika maziwa, akatia tangawizi aliyoitwanga, mdalasini na karafuu mbili tu, maana karafuu ikizidi inageuka dawa ya jino. Maziwa yalipoanza kupanda akatia boga, akakoroga polepole mpaka likawa zito kuliko chai na jepesi kuliko uji, akamalizia kwa asali. Lililobaki alilichanganya na mtindi wa baridi, kwa watoto watakaokuja na mama zao. Mbegu alizikaanga kwa chumvi zikapasuka pasuka, akazimwaga kwenye sahani. Aliona ni kazi rahisi kiasi kwamba alishangaa kwa nini dunia nzima hailali na boga sufuriani.

Akina mama walikuja na khanga zimebana mabega kwa baridi. Walisali, wakaimba, wakapokea vikombe. Kikombe cha kwanza walinywa kwa adabu. Cha pili waliomba wenyewe. Cha tatu waliacha kuomba, wakawa wanajichotea. Brightness alisimama mlangoni akiwa na sahani ya mbegu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Gendabi alijiona mtu wa pale.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Efrazia, mama wa nyumba ya pili, ambaye amezeeka na Benedikta bega kwa bega. Alitafuna mbegu, akameza, akauliza kwa upole mwezi huu boga amelipata wapi.

"Lilikuwa darini, mama," Brightness akajibu.

Efrazia akaweka kikombe chini. Akina mama wengine kumi wakaacha kutafuna kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo Brightness alipoambiwa kitu ambacho kila mtu pale alizaliwa anakijua. Boga linalokaa darini juu ya moshi si chakula. Ni mbegu. Kila mwaka mama mwenye nyumba anachagua boga moja lililoshinda mengine yote, analipandisha kwenye moshi lisiguswe na mdudu, na linakaa pale mpaka mvua za kupandia. Hakuna anayemwonya mtoto asilile, kwa sababu hiyo ni sawa na kumwonya mtu asipike jembe. Na hili halikuwa boga la hivi hivi. Benedikta alipoolewa akatoka Mbulu kushuka Hanang, mama yake alimpa mbegu zake kwenye fundo la khanga. Mama alikwisha kufa, na khanga ilikwisha chakaa. Kilichobaki cha mama huyo duniani kilikuwa boga lile, kila mwaka likizaa lingine, miaka thelathini na tisa.

Brightness akatazama sahani aliyoishika. Ilikuwa imebaki chumvi.

Wanawake wale hawakumcheka wala kumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Walimshukuru kwa kinywaji, wakaaga mmoja mmoja, kimya, kama wanatoka msibani. Jioni alipiga magoti akapekua jikoni. Alipata mbegu moja karibu na jiko, nayo imekaangwa. Takataka alikuwa amewamwagia kuku, na kuku walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu.

Yonas alipoambiwa alikuna kichwa, halafu akakumbuka kwamba kuna uzio unaohitaji kutazamwa haraka sana. Aliporudi alikuja na wazo. Wanunue boga lingine Katesh, wasugue masizi, wapandishe. Mama haoni vizuri siku hizi. Usiku kucha wazo hilo lilimkalia Brightness kifuani, na asubuhi alijikuta amesimama jikoni anatazama kiganja chake cheusi. Alikuwa amekwisha kugusa masizi ya kwenye dari, ajaribu kama yanashika. Aliona aibu akanawa mikono.

Alhamisi akazunguka nyumba kwa nyumba. Shikamoo, marahaba, karibu ukae, halafu swali lile lile: mama, huna mbegu za lile boga la mama Benedikta? Na jibu nalo likawa lile lile. Walikuwa nazo zamani. Sasa wamepanda mbegu za dukani, zimechanganyikana na zile, boga linatoka la maji, halimalizi mwezi. Wakitaka la zamani wanakuja kuomba kwa mama mkwe wake. Nyumba kumi, jibu moja. Kumbe ile sahani ya mbegu zilizokaangwa ilikuwa ghala la kijiji kizima.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Efrazia. Mama yule alimkalisha, akamtazama macho yalivyovimba, akamwonea huruma. Akafikiri sana. Kisha akakumbuka kwamba kila mwaka Benedikta hupeleka boga moja kwa mke wa mzee Gidamis, kule bondeni kwa wafugaji, tangu mwaka ule ng'ombe wa Benedikta alipokauka maziwa na mama yule akawa anamletea maziwa ya watoto bila kuombwa. Lakini wale hawalimi maboga, Efrazia akaongeza. Wanakula, wanatupa mbegu. Usiweke matumaini, mwanangu.

Brightness hakuweka matumaini. Aliweka khanga begani tu, Ijumaa asubuhi, akashuka bondeni.

Mzee Gidamis alikuwa ameketi nje ya boma amejifunga shuka, fimbo magotini. Brightness alimwamkia shikamoo akiwa mbali, na mzee akaitikia bila haraka, maana kwa watu wale salamu haikimbizwi. Mkewe, bangili za shaba mkono mzima, akamletea maziwa kwenye kibuyu, na ilibidi anywe kwanza ndipo aseme shida. Akaisema yote. Hakuficha kigoda wala panga wala chumvi. Mzee alimtafsiria mkewe kwa lugha yao, na kadiri alivyotafsiri ndivyo mabega ya mama yule yalivyotikisika, mpaka akaziba mdomo kwa kiganja.

Alikuwa anacheka. Akamshika Brightness mkono, akamvuta nyuma ya boma.

Pale palikuwa na zizi la zamani, walilolihama miaka mitatu nyuma. Samadi ilikuwa imejaa hadi magotini, nyeusi, bado ina unyevu katikati ya kiangazi, na juu yake majani makavu yametambaa kila upande. Mama yule akayafunua kwa mguu. Boga. Akasogea hatua mbili akafunua tena. La kijivu, mistari myeupe, kubwa kuliko lile la darini. Brightness aliyahesabu, yakafika sita, akakaa chini kwenye samadi bila kujali sketi yake, akalia kwa sauti.

"Ninyi mnalima, mnapoteza," mzee Gidamis alisema, amewafuata taratibu na fimbo yake. "Sisi tunatupa, inaota."

Wakamfungia mawili kwenye khanga, moja akalibeba kichwani, jingine mgongoni kama mtoto, akapanda mlima wote ule bila kupumzika. Yonas alipoyaona alifurahi kupita kiasi. Akachukua moja, akaanza kutafuta masizi. Sasa mambo yamekwisha, akasema, Mama hatajua kitu. Brightness akamnyang'anya. Maboga yote mawili akayaweka sakafuni, katikati ya jikoni, mahali ambapo mtu akiingia lazima ayaone.

Jumamosi mchana Benedikta akashuka kwenye bodaboda na kikapu chake. Alipewa maji ya kunawa, akapewa stuli, akaulizwa habari za Oliva na mtoto. Akajibu kwamba mtoto ni mzima, ana sauti ya babu yake. Halafu akayaona maboga, akainua macho darini, akayashusha.

Brightness akapiga magoti. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu alfajiri, yakabaki matatu manne.

"Mama, nililipika lile boga. Sikujua."

Benedikta alivuta boga moja, akaligonga kwa kidole, akalisikiliza. Akapitisha ukucha kwenye ganda, na ukucha haukuingia. Akauliza limetoka wapi. Akaambiwa. Akauliza nani alimtuma kwa Gidamis. Akaambiwa. Akauliza kama kule zizini kulikuwa na maboga ya aina nyingine karibu. Brightness akasema hapana, ni haya tu, mama, na samadi. Yonas alisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Kule bondeni hakuna mtu mwenye mbegu za duka," Benedikta alisema hatimaye. "Hili halijachanganyika. Langu mimi lilikwisha kuanza kupoteza mistari."

Akaomba panga. Akapasua moja mwenyewe, akachota mbegu kwa vidole kwenye ungo, zote, hata zile zilizoshikilia nyuzi. Kisha akamsogezea Brightness vile vipande, akasema Efrazia amempigia simu tangu Jumatano usiku, na yeye hajaja kutoka Mbulu kwenye baridi hii ili asimuliwe tu kinywaji ambacho kijiji kizima kimekunywa.

Kumbe mama mkwe alijua tangu Jumatano. Siku tatu nzima alijua, na hakupiga simu kugomba. Brightness akawasha moto. Tangawizi aliizidisha kidogo, lakini boga lilipoingia kwenye maziwa na rangi ile ikapanda, utulivu ukamrudia. Yonas naye akaingiza mguu wa pili ndani.

Benedikta alikunywa taratibu, mikono miwili imezunguka kikombe. Hakusema ni kitamu. Kilipoisha akanyoosha mkono na kikombe, akajaziwa tena. Alikunywa nusu, akakiweka chini, na macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Siku zote hizi nilikuwa na wasiwasi," alisema. "Nikilitazama lile boga nilikuwa nasema, siku nikifa hawa watalipika, watakula, na hawatajua wamekula nini. Umelipika nikiwa hai. Umelia, umelitafuta, umelipata. Sasa najua hata nikifa leo halipotei."

Akamsogezea ungo wa mbegu, wakauinamia wote wawili, wakaanza kuchambua.