Walioota Baridini

Usiku wa jana niliota nikiulizwa swali: kiumbe asiyekua wala kulalamika, utajuaje kama yu hai?

Aliyeuliza alikuwa bakteria. Ameketi ukingoni mwa kitanda changu bwenini, mkubwa kama mto wa kulalia. Wenzangu wote walikwishakwenda likizo, hivyo nilifurahi kupata wa kusema naye.

"Mambo?" nikamwuliza.

"Poa. Digrii nne. Ikizidi hapo, nikisema poa nitakuwa nimekudanganya."

Nikamtambua. Alitoka katika sahani yangu ya tisa ya kuoteshea bakteria, niliyoisahau kwenye friji ya maabara wiki tatu zilizopita. Sahani nane za wenzake niliziweka katika kabati la joto, kama tunavyowaweka bakteria wote, ilhali hawa wametoka bahari ya barafu. Hakuna aliyeota. Asubuhi sahani zote tisa zingetupwa, na utafiti wangu wa mwaka mzima pamoja nazo.

"Nilitaka muote," nikasema.

"Ukawaotesha moto ndugu zangu. Neno ni moja, dada, maana mbalimbali."

Sakafu ya bweni sasa ni ute mgumu wa mwani, ule ule tunaowamwagia bakteria sahanini wauotee. Bakteria anainama, anatema kimeng'enya cha kuiyeyusha, anaila taratibu. Miguu minne ya kitanda inadidimia. Chini kuna bahari nyeusi, na hakuna mtu.

"Huogopi upweke?" nikamwuliza.

"Ninao mwani. Wewe una nani?"

Nikaamka, miguu yangu ikiwa baridi.

Maabarani nilimkuta Mzee Haroub, fundi wetu, amekwisha kupanga sahani kwenye ndoo ya taka. Dakta Nasriya, msimamizi wangu, alikuwa akitia saini.

"Shikamoo, Mzee Haroub. Naomba ya tisa."

"Marahaba, binti yangu. Hazikuota hizo. Tusibembeleze maiti."

Nikaiinua kwenye mwanga. Juu ya ute kulikuwa na vishimo vinne vilivyoliwa, vimekaa pembe nne, kama alama za miguu ya kitanda.

Dakta Nasriya akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii imeota," nikawaambia. "Irudi kwenye friji. Mimi siendi nyumbani likizo hii, nitabaki nayo."