Ruhusa kwa Kila Mtu

"Nani aliyeandika upuuzi huu?"

Chirau, fundi wa kompyuta wa zahanati yetu ya Ukunda, aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. "Upuuzi upi tena, dada Warda?"

Nilimwonyesha. Ilikuwa skripti, programu fupi inayohamisha majibu ya vipimo kutoka maabara kila mchana hadi kwenye rekodi ninazozitunza. Mstari wake wa mwisho ulitoa ruhusa ya saba tatu: kila mtu asome, kila mtu abadilishe. Kila mtu! Ndivyo majibu ya Dama, mgonjwa wetu mmoja, yalivyofika kwa wakwe zake Msambweni kabla hajaambiwa mwenyewe, uchumba wake ukavunjika.

"Leo yanaingia ya mpwa wangu Hanifa," nikasema. Alikuwa amepimwa kwa ajili ya nikaha. "Amri hii uliitoa wapi?"

"Mtandaoni. Mimi si mtunzi, dada. Mimi hunakili tu."

"Na maelezo yake?"

"Kwani nani husoma maelezo?"

Nilitamani kummwagia ile chai. Nikatafuta mwenyewe. Kila ukurasa niliofungua ulikuwa na mjuaji wake: weka saba tatu, shida imekwisha. Kisha mtandao ukakatika. Kwa hasira nikaiuliza mashine yenyewe. Nikaandika neno la kuomba mwongozo, na jina la amri mbele yake. Mwongozo ukafunguka wote. Ulikuwa humo ndani siku zote, hautaki mtandao wala bando, umeeleza kila kitu: mwenye faili, kundi lake, na wengine, nani asome, nani aandike. Laiti mtu angeusoma mapema, Dama angekuwa mke wa mtu sasa.

Nikazifuta zile saba. Maabara waandike, madaktari wasome, wengine sifuri.

Majibu yakaingia kwa waya wa humo ndani, usiohitaji mtandao. Punde si punde Bwana Abdulrahim, mwenye zahanati, akasimama mlangoni, simu mkononi.

"Warda, mbona faili la Hanifa halifunguki?"

"Unalitakia nini?"

"Ami yake bwana harusi amenipigia. Mtu wa heshima zake, nimtoe wasiwasi tu."

"Amuulize Hanifa."

"Zahanati hii ni yangu!"

"Kuta ni zako. Damu ni ya Hanifa."

Akamgeukia Chirau. "Wewe! Irudishe ilivyokuwa!"

Chirau alinitazama, akaitazama skrini, akaikoroga chai iliyokwisha kupoa.

"Nitairudishaje, bosi? Mimi hunakili tu. Na mtandao leo haupo."