Kimya cha Moja kwa Moja Kutoka Kisiwani

Mshindo mkuu una kimya kingi. Najua wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi redioni na mimi.

Nilikuwa mtangazaji wa majaribio, mwenye stashahada ya lugha na mdomo uliozidi stashahada. Mkuu wa vipindi alipouliza nani aende kisiwani kutangaza jua litakapopatwa, nilinyoosha mkono kabla hajameza mate.

"Kwa Kiswahili kitupu!" nikajigamba. "Lugha yetu haikosi neno."

"Ukitangaza vizuri, ajira ni yako. Ila kumbuka, redioni dhambi ni moja tu: kunyamaza."

Nilicheka. Mimi, ninyamaze? Mama husema nilizaliwa nikimkatiza mkunga.

Wiki nzima nilijifungia bafuni, chanuo mkononi kama kipaza sauti, nikikihutubia kioo: giza totoro, pete ya moto, utaji wa nuru. Kwenye boti, fundi mitambo wetu, mtu mzima tuliyemwita Waya, akateleza ulimi.

"Eti dada, jua likizima tutaonana kweli?"

"Jua si taa, Waya. Jua hupatwa. Kitenzi cha kutendwa, tena chenye..."

Wimbi likatupiga. Nikatapika katikati ya sarufi. Waya akanishikia mkoba, akaangalia pembeni kwa heshima.

Tulifunga mitambo juu ya paa la nyumba ya wageni, kati ya matangi ya maji na mashuka yaliyoanikwa. Nilianza kwa kishindo. Mwezi ulipolimega jua pembeni, nilimwaga tashbihi kama gunia lililopasuka. Waya akanionyesha dole gumba. Kisha upepo ukapoa, vivuli vikachongoka kama vimekatwa kwa wembe, mashuka yakawa rangi ya majivu, na jua likaenda. Juu pakabaki tundu jeusi lenye nywele nyeupe.

"Mama wee!" nikasema, hewani. Basi.

Waya akazungusha mkono: sema, sema! Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Giza totoro? Halikuwa totoro. Pete ya moto? Pete gani! Kila neno nililoliokota lilikuwa dogo, nikalitupa. Machozi yakadondokea kipaza sauti.

"Dada," Waya akanong'ona, "ya jua nimeelewa. Wewe je, umepatwa au umezima?"

Nuru iliporudi, simu ya kwanza ilikuwa ya mama. "Umeniita redioni, nimeitika mpaka majirani wamenicheka. Halafu kimya! Nimeipiga redio makofi hadi kifuniko kimetoka!"

Ya pili ilikuwa ya mkuu. "Ukirudi tu, unawaomba radhi wasikilizaji, hewani. Hutaki, ajira uisahau."

Na ile ajira niliitaka, msinione hivi. Nilishajichagulia hata meza, ile ya karibu na dirisha.

Niliporudi nikaketi studioni. Mkuu alisimama nyuma ya kioo, mikono kifuani. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji wapenzi," nikasema, "ule ukimya mliousikia ulikuwa wangu. Redio zenu ni nzima, msizipige. Jua lilipatwa, nami nikapatwa. Neno la kile nilichokiona bado nalitafuta."

Mkuu akanitolea macho, akangoja.

"Siombi radhi."