Mpunga Chini ya Bomba

Tusajigwe alikuwa anamfuta bwana harusi mmoja chunusi ya puani pale Deusdedit alipoingia studio bila hodi, akavuta kiti cha wateja mpaka karibu na skrini.

"Hiyo weka pembeni," alisema. "Nina kazi ya ofisi."

Deusdedit alikuwa afisa wa mradi wa maji, ameletwa Kyela kutoka mkoa wa mbali, kwao ni kahawa na migomba. Mtaa wa Mbugani, ilipo studio, walimjua kwa mashati yake ya kuchomekea na kwa kulitaja neno "ofisi" kila alipotaka kitu cha haraka. Jackson, mwenye studio, aliacha kukata picha za pasipoti akaja kumsalimia kwa mikono miwili. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na kama si kazi za maofisini fremu ile ya duka ingekuwa imeshageuzwa ya kuuzia vocha.

Deusdedit akachomeka flashi. Picha ilikuwa ya kituo cha kuchotea maji, kitongoji kimoja cha kata ya Ngonga. Nguzo mpya ya zege, bomba linalong'aa, sakafu pana ya saruji iliyoinuliwa kutoka chini, na mama mmoja ameinama na ndoo. Maji hayakuwepo.

"Weka maji," Deusdedit alisema, kama mtu anayeagiza chai.

"Maji?"

"Yatoke bombani yaingie kwenye ndoo. Kesho tunakabidhi mradi, na picha hii itasimama mbele ya mgeni rasmi. Pampu ina hitilafu kidogo, lakini hilo ni jambo la muda. Wananchi wakishapokea, mkandarasi anafungasha, faili linafungwa, kila mtu anapumzika."

Tusajigwe alikuwa anamtazama yule mama. Uso haukuonekana, lakini kitenge kile cha majani ya mhindi alikinunua yeye mwenyewe sokoni, na mgongo ule angeutambua hata gizani. Alikuwa mama yake mzazi.

Hasira ilimpanda. Masika yaliyopita familia ilimzika mtoto wa Gwamaka, kaka yake, kwa ugonjwa wa kuharisha. Kule Ngonga wanakunywa maji ya mtoni, na mtoni ng'ombe nao wanaingia. Bomba lile ndilo lililokuwa linangojewa. Sasa likipokelewa kavu, nani tena atarudi kuitazama hiyo pampu?

"Mbona kimya? Huwezi?"

"Anaweza, mkuu," Jackson alidakia. "Huyu akikuwekea maji, wewe mwenyewe utasikia kiu."

Tusajigwe akasogeza kipanya mpaka chini ya bomba. "Na hiki kilichotandazwa hapa? Nikitoe?"

Deusdedit aliinama kutazama. Sakafu ya kituo ilikuwa imefunikwa na kitu cha rangi ya dhahabu iliyochujuka, kimetandazwa vizuri kutoka ukingo hadi ukingo.

"Changarawe hiyo? Iache. Inaonyesha kazi imefanyika. Wewe ng'arisha tu, nataka kila kitu kionekane."

Changarawe. Jamani, ulikuwa mpunga. Mtoto wa Kyela anayejifunza kutembea angekwambia ule ni mpunga umeanikwa. Bomba halikuwahi kudondosha hata tone tangu lijengwe, na sakafu yake ilikuwa safi kuliko ua wowote kitongojini. Mavuno yalipofika, wanawake wakaona ni ujinga kuiacha ikae bure, wakawa wanaanika pale kwa zamu. Deusdedit alikuwa anaula mpunga huo kila mchana pale mgahawani, ila yeye alikuwa hajawahi kukutana nao kabla haujapikwa.

Tusajigwe alifungua mdomo amwambie. Akaufunga.

"Sawa, mkuu," alisema. "Naiacha."

Deusdedit alipoondoka, kazi ikaanza. Kompyuta ya studio ilikuwa na programu kubwa ya kuhariri picha, ya bure, na ndani yake Tusajigwe alikuwa amepachika nyingine ndogo. Jackson aliiita mpangaji, kwa sababu ilikaa kwenye nyumba ya mwenzake lakini ina mlango wake. Ile kubwa ilijua kukata na kubandika. Ile ndogo ilijua mwanga: unaiita kutoka kwenye menyu ya kubwa, inafungua dirisha lake, inaichukua picha, unavuta vitufe vyake mpaka uridhike, ukibonyeza sawa inairudisha picha kwa mwenye nyumba. Ubaya ni kwamba umeme ukikatika mpangaji akiwa ndani, huambulii kitu.

Maji aliyapata Matema. Mwaka uliopita alikwenda kupiga picha za harusi kwenye nyumba moja ya wageni pale ufukweni, na kwenye moja ya picha hizo kulikuwa na bomba la bustanini, limefunguliwa wageni waoshe mchanga miguuni. Lilikuwa linamwaga tu, hata hakuna aliyelitazama. Akayakata yale maji, akayabandika chini ya bomba la Ngonga. Yakakaa kama tambi mbichi. Akamwita mpangaji ayalinganishe na jua la Ngonga, na hapo hapo umeme ukakatika.

Jackson akasonya, akachukua galoni kwenda kutafuta petroli ya jenereta, huku analalamikia bei yake. Tusajigwe akatoka nje, akampigia mama yake.

"Mama, wale wa maji walikuja kukupiga picha?"

"Walikuja. Wakasema niiname. Nikawauliza, nainamia nini? Wakasema inama tu mama, ni ya kumbukumbu."

"Na mpunga?"

"Nikauacha. Haukuwa umekauka, na wao walisema hawana muda."

"Mama, wananiambia niweke maji kwenye picha."

Kule upande wa pili jogoo aliwika, mtu akamfukuza.

"Na bombani ataweka nani?" mama yake aliuliza.

Tusajigwe alimwambia kwamba akikataa, kazi hana, na Jackson hatamwonea huruma.

"Usikatae. Fanya kazi yako, mwanangu, hapo ndipo tunapokula. Ila usije ukanitengeneza mpaka ukaniweka ninacheka."

"Sikuweki unacheka."

"Ndaga fijo," mama yake alishukuru kwa Kinyakyusa, akakata simu.

Jenereta liliponguruma alirudi kwenye kiti akaanza upya. Aliyapachika maji, akayapa kivuli, akayapa mng'ao kidogo pale yanapogusa ndoo. Kwa kweli yalitoka vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Kisha akamwita mpangaji kwa mara ya mwisho. Ndani ya dirisha lile dogo kulikuwa na kitufe cha kuchambua vitu vidogo, kile ambacho kwenye nyuso za watu alikuwa hakigusi, maana kinatoa mpaka vinyweleo. Alikivuta polepole. Sakafu ikaanza kuamka. Punje zikaachana, moja moja, na maganda yake na ncha zake, na mistari ya vidole vya miguu vya mama yake pale alipougeuza mpunga. Akabonyeza sawa.

Jackson alikuja kusimama nyuma yake. Alizaliwa Ngonga, amekulia mashambani. Aliinama kuitazama sakafu ile.

"Hiyo changarawe imetoka vizuri," alisema, akarudi kwenye pasipoti zake.

Alasiri Deusdedit aliitazama picha akapiga kofi moja. "Sasa hii ndiyo kazi," alisema. "Yaani unasikia mpaka sauti ya maji." Ikachapwa kubwa, ikawekewa fremu ya mbao.

Kesho yake Tusajigwe aliomba ruhusa akaenda Ngonga. Picha ilisimamishwa pembeni ya bomba lenyewe, na bomba lilifungwa utepe ili mtu asilifungue ovyo. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Mpunga wa jirani wa mama yake ulirundikwa kwenye magunia chini ya mgomba, unangoja wageni waondoke.

Watu walikuja kuitazama picha mmoja mmoja. Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa khanga, akamvuta mwenzake. Kicheko kikapita chini chini mpaka nyuma walikokaa vijana. Yakobo, mtendaji wa kijiji, alikiona wanachokicheka, akayahamishia macho kwenye viatu vyake.

Mgeni rasmi alihutubia kuhusu kumtua mama ndoo kichwani. Alipouliza kama kuna mwenye swali, mama yake Tusajigwe alisimama, amevaa kile kile kitenge.

"Mimi ndiye huyo wa kwenye picha," alisema. "Na mpunga huo chini ni wangu. Nauliza, mheshimiwa, hayo maji yalipofunguliwa, mpunga wangu aliuanua nani?"

Hapo hawakujizuia tena, walicheka mpaka wazee. Deusdedit aliigeukia picha. Aliisogelea, akainama, akatazama ile changarawe yake, na sasa akaona ni punje. Mgeni rasmi alimnong'oneza, naye akanong'ona kitu.

"Swali zuri," mgeni rasmi alisema kwenye kipaza sauti. "Lakini hilo ni suala la kilimo. Mama aonane na bwana shamba. Sasa wanaoupokea mradi wanyooshe mikono."

Ikanyooka mikono ya safu ya mbele, wale waliokaa kwenye viti vya plastiki. Nyuma watu walikunja mikono kifuani wakatulia tu. Mgeni rasmi aliitazama mikono ile iliyokunjwa, akasema mradi umepokelewa. Yakobo alitia saini. Utepe ukakatwa, bomba halikufunguliwa. Magari yakageuza yakaondoka, na Deusdedit alipita mbele ya Tusajigwe bila kumtazama usoni.

"Kesho usije tena ukaipachikia ofisi nyingine maji ya kwenye picha," mama yake alimwambia, akimpiga begani, lakini sauti haikuwa na utani.

Jirani akaburuta magunia mpaka kwenye sakafu ya bomba. Tusajigwe alivua viatu akamsaidia kumwaga. Walipofika ukingoni kabisa, chini ya mdomo wa bomba, alisita, akabakiza nafasi ndogo tupu.

"Hapo mbona umeacha?" mama yake aliuliza. "Tandaza tu mwanangu. Hapa hapalowi."