Mkono wa Mama Felista

Mimi ni mfupi, na ufupi huo nusura uninyime kitanda cha kufumia.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ikungi miezi michache tu. Chama chetu cha wafumaji kilikuwa na wanawake watano na vitanda sita. Cha sita kingekuwa changu nikifuma nguo ya mikono minane. Nikishindwa, kinapelekwa kijiji cha jirani. Jamani, nilikitaka!

Siku ya kupima, nguo ilikuwa bado kitandani, maana kwetu mfumaji hakati mpaka chama kipime. Mwenyekiti, Mama Felista, mrefu kama nguzo ya simu, akalaza mkono wake juu ya nguo, kiwiko hadi ncha ya kidole, akahesabu.

"Saba."

"Haiwezekani, mama! Nimepima mwenyewe, minane."

"Kwa mkono wa nani?"

"Wangu! Kwani wangu ni mguu?"

Wanachama wakacheka, mfumaji mwenzetu Dina kuliko wote. Nikapandwa na hasira, nikawaambia wana wivu.

"Esta mwanangu," Mama Felista akasema, "duka la mjini linanunua kwa mkono huu. Ukipeleka fupi, kesho tunarudishiwa za wote."

Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliniuma. Nyuzi zangu za mtande, zile za urefu, zilikuwa zimekwisha, hakuna pa kuendelea kufuma. Nikakaa chini nikalia.

Dina akatoka. Akarudi na nyuzi alizokata kwenye kitanda chake mwenyewe, akaanza kuziunga na zangu, uzi kwa uzi. Wengine nao wakaleta zao. Nyuzi mia tatu, wanawake sita, kila mmoja mafundo hamsini, Mama Felista naye akiwa kapiga magoti.

"Na wivu wetu huu," Dina akanitania, "tutakufungia mpaka vidole vichubuke."

Nikafuma mkono uliobaki, na alasiri Mama Felista akapima tena. "Minane," akasema, akanipa mkasi.

Duka liliikataa nguo ile, kwa kuwa mafundo yalijitokeza karibu na mwisho wake kama mshono. Sikujali hata kidogo. Kitanda nilikwisha kukipata, na iliyofuata waliinunua. Ile ya kwanza najifunika mpaka leo upepo wa Juni ukivuma. Dina alishafariki. Mafundo yake hamsini yako upande wa kushoto, nayajua kwa kupapasa.