Mpishi wa Makaboi

Nilichokiona kwanza ni kwamba yule mpishi hakuitwa kwa jina. Katika filamu za zamani za makaboi ambazo Baba alizitazama kila alasiri katika nyumba ya Waarabu niliyofanyia kazi, mtaani Al-Hamra, hata farasi walikuwa na majina. Mpishi mweusi alipigiwa mbinja tu, akaja mbio na sufuria, akakodoa macho ili watu wacheke.

Baba alikuwa mzee, babake madam aliyeniajiri. Nyumba nzima iliniita Mariam, kwa sababu mfanyakazi aliyenitangulia aliitwa hivyo na watoto walikuwa wamezoea.

"Mariam, wewe unampenda nani humu filamuni?" Baba aliniuliza siku moja nikimmiminia kahawa.

"Mpishi, Baba."

"Mpishi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akairudisha filamu nyuma, akatazama, akairudisha tena.

"Wallahi, miaka yote hii sijamwona," akasema. "Anaitwa nani?"

"Hana jina, Baba. Farasi ndiye analo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mariam ndilo jina lako kweli?"

Madam alikuwa amesimama mlangoni. Nikaangalia birika. "Ndiyo, Baba."

Wiki iliyofuata Baba alipelekwa Riyadh kwa matibabu, na huko ndiko alikozikwa.

Baba, mimi ni Selipher. Na yule mpishi, kila alipotokea, nilikuwa nikimwita Elphas kimoyomoyo, jina la marehemu baba yangu mzazi.